Mahari ya Bibi

Wiki iliyopita mliniacha kanisani, nimesimama katikati ya watu, uso ukiwaka kwa aibu. Kwa ambaye hakusoma, nitaeleza kwa kifupi.

Mjukuu wangu Careen alininunulia vile vidude vya masikioni visivyo na waya, ambavyo hapa Kigali wanaviita ekuteri, ili redio yangu ya alfajiri isiamshe majirani. Nikaingia nazo kwenye misa ya Kiswahili bila kukumbuka. Mwanangu Castory akapiga simu kutoka kwetu kijijini Kamachumu, anauliza afanye nini na mbuzi aliyevimba tumbo. Wakati huohuo Padri Melchior anauliza kutoka mbele: "Na huyu ndugu yetu mkosefu, tumfanye nini?"

Nikajibu kwa sauti ya shambani: "Mchinjeni kabla hajafa."

Padri hakunifukuza. Alingoja watu wamalize kucheka, akasema, "Mama Castory ametupa njia moja. Injili inatupa nyingine." Baada ya misa alinifuata nje kuniuliza hali ya mbuzi. Mbuzi amepona. Padri yule ana moyo.

Careen siku hiyo hakuwa nao.

"Bibi, kuanzia leo ekuteri hazivuki geti."

"Na zikinibembeleza?"

"Bibi."

"Haya. Hazivuki."

Niliahidi kwa moyo mweupe. Alhamisi ndiyo iliyoniharibia.

Kwanza mjue jambo moja kuhusu ekuteri zangu. Ndani yake anakaa mwanamke. Ukizitoa kwenye kikasha chake anakusalimia kwa Kiingereza. Chaji ikikaribia kuisha anakuonya kwa Kiingereza hichohicho, kisha anakuaga na kwenda zake, hata kama ulikuwa katikati ya neno. Mimi humwitikia. Mtu akikusalimia kila asubuhi, si vizuri kunyamaza.

Mwanzoni nilipofika Kigali niliwahurumia sana watu wa Nyabugogo. Niliona mtu amebeba gunia la viazi anacheka na hewa. Niliona mama mmoja muuza parachichi anagombana na ukuta. Kumbe yule mama alikuwa na sikio moja la wateja na jingine la mumewe. Akichanganya, mteja anaitwa mpenzi na mume anaambiwa aongeze bei. Nilicheka. Sasa nami ni mmoja wao.

Jambo la pili. Jumamosi hii nyumba ya Ngabo inakuja kumposa Careen na kutoa ng'ombe wa mahari. Ngabo ana duka la spea za magari Nyabugogo. Ni kijana mpole. Siku ya kwanza ya ekuteri, yeye ndiye aliyenivalisha. Alizifuta kwa leso yake, akaziunganisha na simu yake ili nijaribu, maana yangu ilikuwa imezima.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Vidude hivi havisahau. Vikishaizoea simu ya mtu, vikiikuta tena vinaikimbilia, na mwenye navyo havimjui.

Na jambo la tatu ni langu mwenyewe, sijamwambia mtu. Careen nimemlea tangu mama yake, binti yangu, alipotutoka. Akiolewa, hii nyumba yetu ya kupanga hapa Kagarama itarudi kwa mwenyewe, nami nitarudi Kamachumu. Hakuna aliyelisema. Hakuna aliyelikanusha pia. Nimeanza kukunja nguo zangu kidogo kidogo, nikiulizwa nasema napanga kabati.

Basi, Alhamisi. Careen alikuwa kazini. Ngabo alikuja kumsaidia fundi kupandisha tangi la maji. Aliacha koti lake kwenye kiti, simu mfukoni. Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi, ekuteri masikioni, nangoja rozari ya redioni. Redio haikuja. Badala yake nikasikia simu inaita ndani ya kichwa changu.

Nikagusa sikio kama nilivyofundishwa.

"Haro, Ngabo?" Sauti ya mwanamke, laini. Akaendelea kwa Kinyarwanda, haraka haraka.

"Ngabo yuko nje," nikasema. "Nani mwenzangu?"

Aliposikia Kiswahili changu, naye akahamia Kiswahili, bila kuudhika. Hilo nililiona.

"Ah, samahani, mama. Mimi ni Gaudiose, wa Gahanga. Umwambie Ngabo mahari imepatikana."

Kisu kikasimama kwenye ndizi.

"Mahari gani?"

"Mahari ya bibi yake. Ire anatafuta. Nzuri sana, mama."

Sasa ngojeni niwaeleze. Kwetu, bibi ni mama yake mama, au mama yake baba. Lakini nimekaa Kigali vya kutosha kujua kwamba hapa, hasa wale waliotokea upande wa Kongo, wakisema bibi wanamaanisha mke. Mara ya kwanza mtu aliponiuliza hapa kama Castory ana bibi, nilijibu kwamba alikuwa naye lakini tulimzika. Akalia. Tangu siku hiyo sikosei tena.

Kwa hiyo nilielewa vizuri kabisa. Ngabo ana mke Gahanga, na mahari yake imepatikana.

"Na mchumba wake wa Kagarama anajua?" nikauliza.

"Hapana, mama. Huyo asijue kwanza. Ngabo anasema iwe siri."

"Siri."

"Eh. Rakini ajibu mapema. Kuna watu wengine wanaitaka."

"Watu wengine wanamtaka bibi huyo?"

Akacheka. "Wengi. Jana tu wamekuja, wote wameipenda. Mukuje muone kwa macho. Gahanga, ukipita soko, geti ya kijani, karibu na duka ya maziwa."

Nikaweka kisu chini. Nikasema polepole, kwa Kiswahili cha shule, kila herufi mahali pake, ili asije kusema hakusikia:

"Mahari hiyo hatuitaki."

Nikasikia mtu mwingine anakohoa upande wa pili.

"Hamuitaki? Na hamujaiona?"

"Sina haja ya kuiona."

"Rakini mama, wewe ni nani?"

"Mimi ndiye bibi. Nikisema hatutaki, hatutaki."

"Ah," akasema, kwa huzuni ya kweli. "Wewe ndiye bibi. Basi, kama bibi mwenyewe amekataa, sina neno." Na akakata.

Nilikaa juu ya kigoda. Nikashangaa kwamba mwanamke anayetaka kuharibu ndoa ya mtoto wangu ana sauti ya mtu unayeweza kumwachia mtoto mchanga.

Ngabo akaingia, mikono imelowa.

"Bibi, tangi limekaa. Leo mtaoga na mvua ya ndani."

Nikamwekea chai. Ilikuwa ya asubuhi, imepoa, na sikuipasha. Akainywa yote akashukuru. Watu wabaya, nikajiambia, wanajua kushukuru.

"Ngabo."

"Bibi."

"Umepata mahari Gahanga?"

Kikombe kikagonga meza. Nikaona masikio yake yanabadilika rangi.

"Nani amekuambia?"

"Nimesikia kwa masikio yangu."

"Bibi, tafadhali." Akasogeza kiti karibu, akashusha sauti, na mnajua alifanya nini? Akatabasamu. "Tafadhali usimwambie Careen. Nimehangaika nayo sana. Nilitaka niseme mwenyewe Jumamosi."

"Jumamosi gani?"

"Hii. Mbele ya wageni wote."

"Mbele ya wageni."

"Eh. Nisimame, niseme, watu wapige makofi."

"Na Careen afanye nini wakati huo?"

"Atalia, najua. Lakini atazoea haraka." Akanishika mkono. "Na wewe, Bibi, utaipenda. Utakaa nayo vizuri."

Nikautoa mkono wangu taratibu, nikasema ndizi zinaungua. Ndizi zilikuwa bado hazijawekwa motoni.

Alipopanda tena darini na fundi, nikajifunga kitenge, nikachukua mkoba, nikatoka. Ningemwambia Careen nini bila kumwona huyo mke? Nilitaka nimtazame usoni. Ikibidi, nimwombe. Mwanamke kwa mwanamke.

Pale barabarani nikapata kijana wa moto, ndivyo wanavyoita bodaboda hapa. Aliifuta kofia ya abiria kwa kitambaa, mbele na ndani, kabla ya kunivalisha. Ndipo tuliposikia wote wawili kitu kinalia "tuu" ndani ya kofia.

"Mukecuru," yaani mama mzee kwa Kinyarwanda, "una ekuteri?" akauliza, akicheka.

Nikagusa sikio. Zilikuwepo. Zimevuka geti. Na kwa kuwa tulikuwa mbali na simu ya Ngabo, zilikuwa zimerudi kwenye simu yangu mkobani, kama mume aliyekumbuka nyumbani.

"Nizitoe?" akauliza.

"Acha. Nina haraka."

Akaendesha polepole kwenye matuta yote, bila kuombwa. Kila akisema "pole" nilijibu "ahsante," mpaka nikagundua nusu ya pole hizo zilikuwa za mkewe kwenye simu, iliyochomekwa ndani ya kofia yake. Mkewe akauliza huyo mwanamke anayekushukuru ni nani. Kijana akaniomba nimweleze. Nikapaza sauti upepo uipeleke: "Mwanangu, mimi ni kikongwe." Alisema mkewe amefurahi na ananisalimia.

Tulipokaribia soko la Gahanga, yule mwanamke wa ndani akatoa onyo lake la kwanza. Sikumjibu.

Geti ya kijani niliiona mara moja. Mbele yake amesimama mwanamke mnene, ameshika mwavuli na fungu la funguo. Ekuteri yake ilikuwa moja tu, yenye waya, imefungwa kwa uzi mweupe pale ilipokatika.

"Gaudiose?"

"Karame," akaitika kwa Kinyarwanda. Akanitazama, akatambua sauti. "Mama wa simu? Bibi mwenyewe?" Na badala ya kuniuliza nimefuata nini, akanifungulia mwavuli, maana jua lilikuwa kali, akachukua na mkoba wangu.

"Nimekuja kumwona," nikasema.

"Kumwona nani?"

"Yule bibi wa Ngabo."

Akanitazama. Akatazama nyuma yangu, kama bibi wa Ngabo anakuja kwa miguu. "Bibi wa Ngabo si ni wewe?"

"Mimi ni bibi wa Careen."

"Eh. Ndiyo huyo. Mama yake wa mama ya mchumba. Ngabo ameniereza vizuri, ati iko na magoti mabaya, na anapenda migomba. Kuja, kuja uone. Hata kama umekataa, uone tu."

Akaniongoza ndani ya geti. Nyumba ndogo, bati jipya, rangi bado inanuka. Nyuma kuna migomba imesimama kama mahindi ya mtu mwenye bidii. Kutoka uani hadi mlangoni hakuna ngazi hata moja. Mnaijua nyumba yetu ya Kagarama? Hamuijui. Kutoka barabarani unashuka ngazi za mawe, na mimi hushika ukuta, nikidhani hakuna anayeniona nikishika.

Gaudiose akafungua chumba kilicho karibu na jiko.

"Hii ndiyo mahari yako," akasema. "Dirisha ya asubuhi. Na Ngabo arimwomba fundi aweke soketi hapa, karibu na kitanda. Ati ya kuchaji ekuteri ya bibi."

Nikaitazama ile soketi. Ilikuwa chini, mahali ambapo mkono wa mtu aliyelala unafika.

"Gaudiose," nikasema, "hii mahari ni ng'ombe au ni nyumba?"

"Nyumba, mukecuru. Ng'ombe atarara wapi hapa?"

"Sema tena. Hii ni nini?"

"Mahari."

"Mahali?"

"Eh. Mahari. Mahari ya kukaa."

Nikakaa juu ya ndoo ya rangi.

Mwalimu wangu wa darasa la nne angekuwepo angenichapa, na angekuwa na haki. Mahali pamepatikana. Mahali pazuri. Kwa Kiswahili chake ningejua papo hapo, maana mahari haipatikani kwa "pa". Lakini hapa Kigali nyumba iko, mtu iko, mahali iko, kila kitu iko, na herufi mbili, l na r, zimeoana zikawa moja. Nami, mjuaji, neno ambalo kijana wa watu alilisema kwa maana ya kwetu nikalitafsiri kwa maana ya kwao. Alisema bibi akimaanisha bibi.

Chai ya baridi. Aliinywa yote.

"Nimekosea," nikasema. "Naitaka. Mpigie mwenye nyumba, mwambie bibi anaitaka."

Uso wa Gaudiose ukasinyaa.

"Shida, mukecuru. Uripokataa, ufunguo nirimpa mwingine."

"Nani?"

"Ure mama turikuwa naye wakati wa simu. Simu irikuwa kwa spika, ekuteri yangu imekatika, unaona. Arisikia yote." Akaonyesha kwa kidevu. "Iko jikoni. Tangu saa ire hajatoka."

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mwanamke mrefu, mwembamba, vazi la mshanana limekaa begani vizuri, ameshika ufunguo mmoja wenye utepe mwekundu. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, siku ya kutambulishana. Kayitesi, mama yake Ngabo.

"Mama Castory," akasema.

"Mama Ngabo."

"Nilikuja kumkagulia mwanangu nyumba, sikumwambia Gaudiose mimi ni nani. Nikasikia sauti yako."

Gaudiose akaingilia, kunisaidia. "Mama, amekosea. Arifikiri sijui nini. Arisema hataki mahari, rakini sasa anaitaka."

Kayitesi hakumtazama. Alinitazama mimi, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Gaudiose alisikia mahali," akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. "Mimi nimezaliwa Karagwe, nimesoma huko mpaka la saba. Kule r ni r. Nilisikia mahari. Hatuitaki, ukasema. Ukarudia."

Migomba ikasikika nje.

"Sijampigia Ngabo," akaendelea. "Sijampigia mtu. Nimekaa jikoni kwa watu muda wote huu na ufunguo mkononi, nikasema nitaharibu jina la nyumba yenu kwa neno la kwenye simu? Nitamngoja mwenye sauti. Na umekuja."

Fikirini wema huo. Na mimi sina la kumlipa. Nikisema kweli, itabidi niseme nilipokea simu ya mwanawe kwa siri, nikamwona mwanawe ni mwizi wa wanawake, nikaja mpaka Gahanga kumtafuta mke wake wa pili. Hilo humwambii mama mtu siku mbili kabla ya posa. Nikinyamaza, maneno yangu yanabaki palepale, na r yake.

"Ng'ombe wameshatoka Nyagatare," Kayitesi akasema. "Wako njiani. Basi niambie, Mama Castory. Nirudishe ng'ombe, au nikukabidhi ufunguo?"

Ndipo sikio langu likaita.

Nililigusa bila kufikiri. Ilikuwa ni sauti ya Careen, anahema kama mtu anayepanda ngazi zetu.

"Bibi? Bibi, uko wapi? Ngabo ameona kwenye simu yake kuna mtu amepokea. Amekisia yote. Anacheka, amekaa chini, hawezi kusimama. Bibi, nisikilize. Mama yake yuko hukohuko. Kuna jambo moja kuhusu yule mama hatujakuambia. Akikuuliza chochote, chochote kile, mwambie hivi. Mwambie kwamba—"

Na yule mwanamke wa ndani, kwa adabu zake zote za Kiingereza, akaniaga.

Nikagusa sikio. Nikagusa jingine. Kimya.

Kayitesi aliona mkono wangu sikioni. Akausogeza mbele ule ufunguo, utepe mwekundu ukining'inia kati yetu, akainamisha kichwa kidogo ili asikie vizuri.

Nikafungua mdomo. Kilichotoka nitawaambia wiki ijayo.